Mafuta ya Mama Anyitike

Setelaiti yenyewe ilikuwa ndogo, ungeipakata kama mtoto mchanga. Anyitike na wenzake waliiunda kwa miaka mitatu katika chumba kimoja pale Bulyaga, wakishirikiana na kampuni ya ng'ambo iliyowapa nafasi kwenye roketi yake.

Siku ya kuifunga sandukuni, mama yake akashuka kutoka Lufingo na chupa ya mafuta yaliyoombewa kanisani. Kwao hakuna anayesafiri bila kuombewa. Anyitike alijua kabisa haiguswi kwa mkono mtupu, lakini amzuieje mama yake mzazi? Mama akaipaka, akaomba, wakapiga picha, na Meshaki, mmoja wa wenzake, na kiherehere chake akawatumia wazungu wa ile kampuni.

Jibu likaja asubuhi. Mafuta yakifika angani hugeuka mvuke na kuchafua vyombo vya wengine waliomo kwenye roketi hiyo hiyo. Kuisafisha upya ni kazi ya miezi, na roketi haisubiri mtu. Nafasi yao ikatolewa kwa wengine, na ushirikiano ukaishia hapo.

Siku roketi iliporuka, mama akapiga simu.

"Imepaa, mwanangu?"

Anyitike aliitazama setelaiti pale mezani, alama ya kidole cha mama iking'aa kwenye kioo cha kamera.

"Imepaa, mama."

"Nilijua tu. Nilipaka mengi."