Tangi Pana la Wakubwa

Wakubwa wa jengo letu walipochoka na kelele zetu sisi wa ghorofa ya juu kwamba maji hayapandi, walituletea tangi jipya. Pana, fupi, limekaa paani kama chura aliyeshiba. Msimamizi akatuambia tushukuru, maji sasa ni mengi kuliko zamani. Nikafungua bomba langu. Likatema mate kidogo, likanyamaza.

Kabla tangi hilo halijaja, mke wangu alianguka ngazini na ndoo ya maji kichwani, akafa. Sasa wakubwa walitaka ndoo ibebwe na binti yangu. Nikasema hilo halitatokea nikiwa hai.

Binti yangu yuko sekondari. Alipanda paani, akalizunguka lile tangi, akaguna.

"Baba, upana hausaidii kitu. Hata lingekuwa pana kama uwanja wa mpira, kinachosukuma maji ni kimo chake juu ya bomba. Hili limelala karibu na vichwa vyetu. Kanieneo pale bombani ni ndogo."

"Kani nini?"

"Kanieneo. Nguvu inayokandamiza, ukiigawa kwa eneo inalokandamiza. Ndani ya maji, kadiri unavyokwenda chini ndivyo inavyozidi. Linyanyue tangi, uone."

Mimi niliishia darasa la nne, ila kuchomelea mageti najua. Sikuomba ruhusa. Ruhusa ya watu wale niliisubiri mpaka nikawa mgane. Niliunga kiunzi cha miguu minne ya mabomba ya chuma, majirani wakanisaidia kupandisha tangi likiwa tupu. Likasimama vizuri. Tulipolijaza, jua linachoma, miguu ikaanza kudidimia kwenye lami iliyopakwa paani kuzuia mvua. Tangi likainama. Tukayafungulia maji mbio mbio yakamwagika yote.

Msimamizi akafika akihema. "Mzee, umeharibu paa. Shusha hiki kitu, la sivyo utahama."

"Nihamie wapi, kijana? Mke wangu mmeshamhamisha."

Akashuka kutafuta watu wa kuling'oa. Mimi nikaanza kuchagua chuma kinene zaidi.

"Chuma hakijashindwa, baba," binti akasema. "Iliyoshindwa ni lami. Unakumbuka mama akipita uani kwenye tope na viatu vya kisigino? Alikuwa anazama. Akivaa ndala, hazami. Na mama ni yule yule."

"Mama yako hakuwa mzito."

"Sijasema mzito, baba. Kisigino ndicho kilichokuwa chembamba. Uzito wote unabanwa padogo."

Basi nikaivalisha miguu ndala. Kila mguu nikauchomelea bamba la chuma pana kama sinia, chini yake mbao nene. Tukajaza tena. Lami ikatulia. Binti akateremka kufungua bomba, nikamsikia akipiga kelele kuwa limemlowesha mpaka nywele.

Msimamizi akarudi na vibarua wawili. Nikakaa juu ya kiunzi, mgongo kwenye tangi.

"Likijaa hivi hamlibebi," nikawaambia. "Na koki ya kulimwaga iko nyuma yangu. Anayeitaka aje."

"Utakaa hapo hadi lini?" msimamizi akauliza.

"Aliyekuwa akiniita chakula kimeiva hayupo tena. Nina nafasi."

Kibarua mmoja akainama, akayakagua yale mabamba, akayagonga kwa kidole.

"Mzee," akasema, "kwangu nako maji hayapandi. Unaweza kunitengenezea kama hiki?"

"Kesho njoo na vipimo."

Msimamizi alishuka peke yake.