Mkavu Hapewi Nguo

"Mkavu hapewi nguo," alisema Mama Vikapu, na mkono wake haukuondoka juu ya kikapu.

Mwanamke aliyekuwa dirishani pa kibanda alicheka kidogo, akidhani ni utani. Nywele zake kavu, gauni lake kavu. Akakiweka kibati cha namba juu ya ubao. Kumi na tisa.

"Ni za mume wangu, mama. Kibati alikivua akaniachia, anasema kinamkera mkononi akiogelea."

"Sikubishii kibati, mwanangu. Aje mwenyewe, maji yakimchuruzika, nitampa mpaka soksi."

Nyuma ya mwanamke foleni ilikuwa ndefu, watu wa matembezi ya siku moja, ngozi zimebabuka kwa jua na michanga imewaganda miguuni. Basi lilikuwa limekwisha kuwashwa. Kijana mmoja mwenye taulo begani akapaza sauti, "Shemeji, maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Jitumbukize kidogo, ulowe, upewe." Foleni nzima ikacheka. Hata Mama Vikapu akatabasamu, ila mkono ulibaki palepale.

Miaka kumi na saba alikuwa akilinda nguo za waogeleaji wa ziwa lile. Vikapu sitini alivisuka mwenyewe. Watu hakuwajua kwa sura, maana waliovua nguo wote hufanana. Aliwajua kwa vikapu vyao. Kuna wanaorundika kama wanaokimbia moto. Kuna wanaokunja. Huyu wa kumi na tisa alikuwa mkunjaji: suruali ya kijivu imefuata mkunjo wake wa pasi, shati juu, saa imefichwa ndani ya kiatu cha kushoto, soksi zimebiringishwa pamoja kama yai.

Sheria ya mkavu hakuikuta kibandani. Aliitunga yeye, mwaka wa nane wa kazi, baada ya kumpa kijana mmoja nguo za rafiki yake. Kijana alikuwa na kibati, akasema mwenzake katangulia njiani. Jioni ile vikapu vyote vilikuwa vitupu, hesabu imetimia, akafagia, akafunga, akaenda kulala usingizi wa mtu asiyedaiwa. Siku ya tatu ziwa likamrudisha yule rafiki. Mama yake alifika kibandani, hakulia wala hakufoka. Aliuliza neno moja tu: "Nguo za mwanangu ulimpa nani?"

"Mama, basi litatuacha," yule mwanamke alisema, na safari hii hakucheka. "Yeye yumo ndani ya basi. Aliniambia atatokea kule kwenye mawe, aende moja kwa moja akatushikie kiti cha dirishani. Nimechungulia, nimeiona kofia yake kitini."

"Kofia umeiona. Na kichwa chake?"

Mwanamke akakiacha kibati ubaoni.

"Una roho ngumu wewe," akasema, akageuka kurudi kwenye basi, ndala zikimpiga visigino.

Mama Vikapu akaendelea na foleni. Arobaini na mbili, huyu hapa. Saba, usisahau mkanda wako, baba. Macho yake lakini yalikuwa kwenye mlango wa basi. Alimwomba Mungu yule mwanamume ashuke amejifunga taulo, aje amtukane. Amwite mchawi, amwite bibi kizee asiye na akili. Angemwomba radhi na kumpigia pasi shati.

Aliyeshuka ni yule mwanamke. Mkononi ana kofia.

Alitembea hatua chache kama mtu aliyesahau anakokwenda, kisha akaanza kukimbia kuelekea majini. "Toka asubuhi," alikuwa akisema, "hii kofia imekaa hapo toka asubuhi."

Filimbi, mlinzi wa waogeleaji, ambaye watu walikwisha kusahau jina lake lingine, alipuliza mpaka mishipa ikamsimama shingoni. Mtumbwi ukaingizwa. Wanaume wakashikana mikono, wakapanga mstari, wakaingia polepole wakipapasa kwa miguu. Dereva akazima injini. Mama Vikapu alimwona yule mwanamke, aliyeshinda siku nzima mchangani na hakuthubutu kulowesha hata kifundo, akiingia na gauni lake, maji yakimfika kifuani, shingoni, hadi Filimbi alipomvuta nje. Akaingia tena.

Jua lilipogusa mawe, mstari wa wanaume ulikuwa umekwenda na kurudi mara tano.

Yule mwanamke akaja dirishani. Hapakuwa na foleni. Kijana wa taulo alikuwa amesimama kando, akiangalia vidole vyake vya miguu. Maji yalimtoka mwanamke kwenye nywele, kwenye kope, kwenye pindo. Kibati kilikuwa bado pale ubaoni alipokiacha.

"Nimelowa sasa, mama," akasema. "Nipe."

Mama Vikapu alikishika kikapu, akakirudisha, akakishika tena. Kisha akafungua mlango, akatoka nacho, akaketi kizingitini. Mwanamke akaketi ubavuni pake. Kikapu kilikaa katikati yao, kila mmoja na mkono wake mshikioni, na hakuna aliyekivuta upande wake. Mbali, mtumbwi ulikuwa ukizunguka mahali pamoja. Maji yalichuruzika kutoka pindo la gauni, yakapita kati ya mbao za kibaraza, yakachora mstari mwembamba mchangani, yakishuka taratibu kurudi ziwani.