Kuta za Chumba cha Wanu

Mwezi wa Shaaban si mwezi wa kwenda kuazima kitu Unguja, na Bi Kidawa alilijua hilo bila ya kuambiwa. Ramadhani ikikaribia, kila mwenye binti hukimbilia kumuoza kama aliyeona wingu na nguo ziko kambani. Kutoka Miembeni mpaka Kikwajuni vigelegele vilikuwa vinapokezana, na kila nyumba ilikuwa inapamba chumba. Madukani nguo zilikuwa za foleni siku hizo. Ulipofika mbele, mwenye duka alikuonesha rafu tupu na kukutakia subira.

Bi Kidawa naye alikuwa na chumba cha kupamba. Mwari alikuwa Wanu, mtoto wa marehemu dada yake, Mwanamkasi. Tangu Wanu hajaota meno ya mbele alikuwa mikononi mwa Bi Kidawa, na alilelewa kwa mikeka. Mamake mdogo alisuka ukili asubuhi na jioni, akauza, wakala. Mwanamkasi alipokuwa anakata roho alimshika mkono mdogo wake akamwambia neno moja tu: "Usije ukamuoza mwanangu baina ya kuta tupu."

Mtu wa mbali atasema hilo si neno la kufia. Basi hajui mambo. Desturi ni kuwa bwana harusi ndiye anayekwenda kukaa fungate kwao mke, na chumba hupambwa na upande wa mwanamke. Chumba kitupu husemwa. Mwanamke anaweza kuzaa mpaka akapata wajukuu, na bado siku ya ugomvi mawifi wakamtolea habari ya kuta za kwao. Mwanamkasi mwenyewe aliolewa katika chumba kitupu, na alisemwa mpaka siku ya kufa kwake.

Zilibaki siku chache upande wa bwana harusi walete begi la nguo za mwari. Bwana harusi, Msabah, alikuwa kijana wa bandarini asiye na makuu, lakini mamake, Bi Mwanakheir wa Malindi, alikuwa na sifa ya jicho. Walisema akiingia nyumbani kwako huona vumbi la mwaka jana.

"Basi sisi tutaanza na vumbi," alisema Shemsa, jirani wa ukuta kwa ukuta, akajifunga kanga kiunoni.

Wakaanza. Chokaa walipata ya kuomba kwa mtu wa Bububu aliyekuwa na tanuu, wakaichanganya na buluu ya kufulia, na ule udongo wa zamani ukatoka mweupe wenye rangi ya samawati kwa mbali. Bi Kidawa alitoa mikeka yake aliyokuwa ameiweka ya kuuza, ile ya ukili wa rangi, akaisimamisha ukutani badala ya kuitandika chini. Misumari haikushika kwenye udongo, kwa hiyo walifunga kamba za makumbi juu kwenye boriti, na kila kitu kikaning'inia kutoka huko.

Kisha Shemsa akatoka kwenda kuazima, na kuazima kwa Shemsa kulikuwa kipaji. Hakuwa mtu wa kuomba. Alikuwa akiingia, anakaa, anasifu watoto, anakunywa chai, na akitoka ana kitu kwapani. Alirudi na sahani za maua za bibi mmoja wa Kisiwandui. Alirudi na kanga mpya za watu ambao wenyewe hawajazivaa. Jecha kinyozi alifungua kioo chake kikubwa dukani akakibeba mwenyewe mpaka Miembeni, na wateja wake wakawa wananyolewa kwa kuamini. Kila kilipoingia kitu, Bi Kidawa alisema alhamdulillahi, na alisema kwa moyo, kwa sababu hakuna hata mmoja kati ya watu wale aliyekuwa na ziada.

Ukabaki ukuta mmoja, ule unaotazamana na mlango, na ndio mkubwa. Mgeni akiinua pazia, ndio anaouona. Bi Kidawa aliutazama mpaka ukamkosesha hamu ya kula.

Asubuhi ya siku ya begi Shemsa akaingia na bunda kichwani. "Nshapata!" alisema. "Kwa Mwatum wa Kikwajuni. Bintiye katoka fungate juzi."

Lilikuwa zulia la ukutani, la mahameli, jekundu, lenye tausi wawili waliotazamana na mikia imefunguka. Lilijaza ukuta wote. Pembeni chini palikuwa na tundu dogo, labda kaa la chetezo liliangukia, na mtu alilitia kiraka cha hariri kwa uzi mzuri hata ulihitaji kuinama ndipo ukione. Bi Kidawa alikaa kitandani akalia, akasema, "Mwanamkasi, njoo uone."

Alasiri wakaja. Begi lilikuja kichwani kwa msichana, nyuma yake wanawake wa Malindi na mabuibui yao, udi na vigelegele, na mbele Bi Mwanakheir mwenyewe, mrefu, mwembamba, asiyecheka ovyo. Wanu alikuwa amefichwa chumba cha Shemsa, kama inavyotakiwa. Begi likafunguliwa, nguo zikasifiwa, sharubati zikapita. Halafu shangazi wa bwana harusi, mwanamke wa sauti, akasema, "Haya, tuoneshwe chumba."

Bi Kidawa akainua pazia. Bi Mwanakheir akaingia hatua moja, akasimama.

Hakutazama kioo. Hakutazama sahani. Alikwenda moja kwa moja kwenye tausi, akainama, akaweka kidole kwenye kiraka. Bi Kidawa alidhani ni kile kiraka: jicho limeshaona, na Wanu ameshapata la kusemwa.

"Zulia hili, Bi Kidawa," alisema Bi Mwanakheir bila ya kugeuka, "umelipata wapi?"

Shemsa, Mungu amsamehe kwa mapenzi yake, akawahi. "La marehemu mamake Wanu hilo, bibi! Kamwachia mwanawe. Urithi huo!"

Uongo ule ulikuwa mtamu. Ungemvisha Mwanamkasi heshima ambayo hakuipata alipokuwa hai, na ilitosha Bi Kidawa anyamaze tu. Shangazi alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kwa kuridhika. Lakini Bi Kidawa aliwaona akilini wale wote waliompa vitu vyao: Jecha na kioo mgongoni, wenye kanga, mwenye sahani, mtu wa Bububu. Akinyamaza, atakuwa amewaibia hata ahsante yao.

"Shemsa ananisitiri," alisema. "Dada yangu hakuacha kitu, bibi. Zulia la kuazima. Na kioo, na sahani, na kanga hizi. Walimwengu wamenipa, Mungu awalipe. Changu humu ni mikeka na mtoto. Kama mtamsema, nisemeni mimi."

"Nguo ya kuazima haisitiri maungo," alinong'ona shangazi, kwa mnong'ono wa kusikika mpaka barazani.

"Wifi," alisema Bi Mwanakheir, "sharubati yako inapata moto. Tokeni mkanywe. Nna maneno na mkwe wangu."

Wakatoka, na Shemsa akatoka wa mwisho kabisa, akichungulia. Bi Mwanakheir akakaa ukingoni mwa kitanda, akampigapigia Bi Kidawa mahali pa kukaa.

"Kiraka hiki nlikitia mimi," alisema.

Bi Kidawa hakuelewa. Kisha akaelewa, na akaona bora ardhi ipasuke. Mwatum wa Kikwajuni aliazima Malindi, hakurudisha, akaazimisha, na sasa mamake bwana harusi amekuja kuonyeshwa chombo chake mwenyewe. Akainuka mbio kwenda kulishusha, akiomba radhi kwa maneno yaliyogongana.

"Kaa," alisema Bi Mwanakheir. "Kaa, mkwe. Lau ungenambia la marehemu, ningebeba begi langu nkaondoka, na usingejua kwa nini. Sasa sikiliza. Zulia hili bwana wangu aliniletea kutoka Makka, nina mimba. Tulimtaka mwanamke. Nkasema hili ni la chumba chake siku ya harusi yake. Akaja mwanamke, tukamwita Shemsa kama huyo jirani yako mwongo. Hakutimiza mwaka."

Bi Kidawa akamshika mkono.

"Baada yake wote wanaume. Na mama wa mwanamme hapambi chumba, unajua mwenyewe. Anakaribishwa, anatazama, anakwenda zake. Basi nkawa naliazimisha. Kila mwenye binti akija nampa. Limeshazunguka mji huu wote, mimi nalitazama kwenye harusi za watu. Leo nnaingia kumtazama mke wa mwanangu, nalikuta limeshatangulia." Alivuta pumzi. "Sina jicho mimi, kama wanavyosema. Huwa natazama kuta za watu kwa uchungu tu."

Bi Kidawa alitaka kushukuru. Siku zile zote alishukuru kwa sahani, kwa chokaa, kwa kila kipande, na maneno hayakumpungukia. Sasa alitafuta moja hakulipata. Alichoweza ni kwenda mlangoni, akainua pazia, akaita.

"Wanu! Njoo mwanangu."

"Mwari hatoki!" alipiga kelele Shemsa kutoka uani.

"Mlete, nnakwambia!"

Wanu akaja amejitanda kanga mpaka puani, asijue alichokosa. Akapiga magoti. "Shikamoo."

"Marahaba," alisema Bi Mwanakheir.

"Mwanangu," alisema Bi Kidawa, "muangalie vizuri huyu. Chumba chako kakupambia mama yako."