Kompyuta Zisizosomana

Mshonaji alipokwenda kununua kompyuta, alitaka aina ile ile ya mumewe, ili mafaili ya nyumbani yafunguke kotekote. Mume akakataa katakata. Hii ya bei nafuu inakutosha, akasema, na kama mifumo yetu haisomani, basi kila mtu na lake. Mke akanunua, lakini roho haikutulia. Tangu lini bwana yule akajali bei?

Kila akitaka picha za watoto, alihangaika na flashi, huku mumewe akimwapia kwamba hakuna njia nyingine. Siku moja machale yakamcheza, akamwita fundi wa kompyuta aje aziunganishe. Mume alikaa kwenye kochi na gazeti lake, hageuzi hata ukurasa.

“Aina tofauti si kitu, mama,” fundi alisema. “Zikiwa kwenye mtandao mmoja wa nyumbani, zinapeana mafaili bila shida.” Akabonyeza hapa na pale, kisha akasita. “Sasa mmeniitia nini? Hizi zilishaunganishwa zamani. Mafaili yako yote yanafunguka kwa mzee. Yake tu ndiyo yamefungwa.”

Mshonaji akamgeukia mumewe. Gazeti lilikuwa limepanda hadi machoni.