Malengo Matatu ya Mama Pambio

"Jirani, hivi kuimba nako kunaandikiwa malengo?"

Swali hilo jirani alilitupa juu ya ukuta huku anaanika mashuka. Mwalimu wa kuimba, ambaye shule nzima ilimwita Mama Pambio, alikuwa amekaa mlangoni kwake na fomu magotini.

"Kunaandikiwa, shoga yangu. Na mwaka huu mkaguzi anakuja kuyasoma mwenyewe. Mwalimu asiyeonyesha atajiendeleza vipi, kipindi chake anapewa mwingine."

"Na sauti yote hiyo, uendelee wapi tena?"

"Ndiyo hapo nilipokwama."

Alicheka, lakini kicheko hakikushuka moyoni. Mwalimu wa hesabu alikuwa anakimezea mate kipindi hicho tangu mwaka juzi. Kila wakikutana ofisini humwambia, "Mama Pambio, hizo dakika arobaini za la-la-la nipe mimi, watoto wajue kugawanya." Wenzao hucheka, naye hucheka nao, kisha akifika nyumbani anapiga goti na kusali. Alikuwa na miaka ishirini na miwili kazini na hakuwa na somo jingine. Wakimnyang'anya hilo, angebaki kuhesabu madawati na kusimamia foleni ya chooni.

Kwenye fomu akaandika kama kila mwaka: kuinua kiwango cha somo, kuboresha mbinu, kushirikiana na wadau. Yalikuwa maneno yaliyovaa suti, lakini ukiyauliza yanakwenda wapi, hayana jibu.

Jumatatu akaamka na mafua, sauti imekauka kabisa. Akaingia darasa la tatu akiongea kwa mikono.

Desturi yake ilikuwa hivi: yeye anaanzisha wimbo, watoto wanadakia. Wale walioshindwa kudaka, ambao sauti zao zilikwaruza chini kama kabati linalosukumwa, aliwakalisha nyuma na kuwaambia kwa upole kabisa, "Ninyi wanangu chezesheni midomo tu." Walikuwa kumi na mmoja. Aliwaita samaki wangu, nao walishazoea.

Siku hiyo, kwa kuwa hakuwa na sauti, alimnyooshea kidole msichana wa mstari wa mbele mwenye mapengo mawili. Aanzishe yeye.

Msichana akaanzisha juu mno. Mwalimu akakunja uso, akainua mkono amkatize, maana alijua wenzake hawatafika huko. Wakafika. Darasa zima lilipanda kwa wepesi kama kitambaa kinachopeperushwa. Halafu, kutoka nyuma, akasikia sauti asizozijua. Akapita katikati ya madawati ameinamisha sikio, mtoto baada ya mtoto. Samaki walikuwa wanaimba. Si wote; wawili walikuwa bado wanatangatanga. Lakini tisa walikuwa ndani ya wimbo barabara.

Akashika ukingo wa dawati. Sauti yake mwenyewe ilikuwa inashuka mwaka hadi mwaka, taratibu, bila kumpigia hodi. Na kila wimbo aliuanzisha pale panapomfaa yeye. Alikuwa akiwateremsha watoto kisimani, na wasiofika chini akasema hawana sauti.

"Mungu wangu," alinong'ona kwa koo lile bovu, "nimewafunga watoto wa watu midomo."

Alasiri hiyo aliomba sana, mpaka magoti yakamuuma. Kisha akachukua fomu nyingine, safi, akaandika polepole. La kwanza: kujifunza kuanzisha wimbo panapowafaa watoto, kwa maana nimekuwa nikianzisha chini mno. La pili: kuwasikiliza mmoja mmoja watoto kumi na mmoja niliowanyamazisha. La tatu: kujifunza kusoma nota kwa mpiga kinanda wa kanisani, kila Jumanne na Alhamisi, kwa sababu mpaka leo nafundisha kwa sikio tu.

Alhamisi mwalimu wa hesabu aliiona fomu mezani, akaisoma kwa sauti ofisi nzima isikie.

"Mama Pambio, unajichongea! Mtu anaulizwa ataendaje mbele, wewe unaungama dhambi? Huyo mkaguzi hatamaliza hata mstari wa kwanza."

"Basi ataishia hapohapo."

"Mimi naanza kipindi changu Jumatatu. Usije ukasema sikukuambia."

Ijumaa mkaguzi alikuja, mzee mwembamba mwenye miwani ya kamba. Akakaa nyuma darasani, akasoma fomu mara mbili bila kutikisa uso. Mwalimu wa hesabu alikuwa amesimama mlangoni na ratiba mpya mkononi.

"Hili kosa umelijuaje, mama?"

"Nilipougua, bwana mkaguzi. Ningekuwa mzima nisingelijua."

"Hebu nisikie."

Sauti yake ilikuwa imerudi. Akaanzisha, na mazoea yakamvuta palepale pa zamani. Nyuma wakaanza kukwaruza. Jasho likamtoka. Akapiga makofi, wakanyamaza. "Nisameheni, wanangu. Tuanze tena." Mara hii akaupandisha wimbo, sauti ikamkatika kama ya jogoo mchanga, darasa likaangua kicheko. Lakini walidaka. Wakacheka na kuimba pamoja, mbele hadi nyuma; wale wawili tu, jirani na kiti cha mkaguzi, bado walitangatanga.

Mkaguzi akavua miwani.

"Mwaka huu nimesoma fomu sitini na nne. Kila mtu anataka kupanda juu, hakuna anayeniambia kwa sasa amesimama wapi." Akatia sahihi. "Endelea na kipindi chako, mama. Nitarudi muhula ujao kuwasikia hao wawili waliobaki."

Mama Pambio akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti karibu na kidevu, akashusha pumzi ndefu ambayo ni kama alikuwa ameibana tangu Jumatatu. Asante, Baba, alisema moyoni. Asante kwa mafua.

"Samahani, mzee," mwalimu wa hesabu akasogea, "na hii ratiba?"

"Ibaki ile ya zamani. Kwanza na wewe nina swali. Umeandika utainua ufaulu kwa asilimia kumi."

"Ndiyo, mzee."

"Asilimia kumi ya ngapi? Sasa hivi wanafaulu wangapi?"

Mwalimu wa hesabu akatazama dari. Akatazama watoto, ambao walikuwa wanasubiri jibu kwa hamu kubwa. Akaikunja ratiba yake mara nne, akaitia mfukoni, akatoka.