Siku Ambazo Nakiete Hayupo

Usiku wa jana niliota shuka la hospitali limekuja kukaa ukingoni mwa kitanda changu. Sehemu kubwa ya haya nitakayosema ni lenyewe lililonieleza, basi kama kuna uongo humu, ni wa shuka.

Lilikuwa jeupe, limejikunja vizuri kama mgeni aliyekuja kuposa. Likasema, "Shikamoo, Bibi." Nikaitikia marahaba, maana kwa umri lilikuwa dogo kwangu. Nikaliuliza habari za hospitalini, likasema nzuri, ila nivae haraka, ninaitwa mahakamani.

"Nimefanya nini?"

"Wewe hujafanya kitu. Ni mjukuu wako. Ametoweka katikati ya kesi."

Hapa inabidi nieleze kidogo. Mjukuu wangu Nakiete anafua mashuka katika hospitali ya serikali huko mjini, chini ya mlima wetu. Mashuka ni ya serikali, maji ni ya serikali, na chumba ni cha serikali, lakini aliyemwajiri ni wakala. Wakala humpa mkataba wa miezi mitatu. Ukiisha anarudisha sare na mabuti ya mpira, anakuwa nje ya geti siku moja, na kesho yake anaingia tena kama mgeni ambaye hajawahi kuona sabuni. Ameanza kuwa mgeni tangu mwanawe hajaota meno, na mtoto huyo sasa anaandika insha shuleni.

Yeye na wenzake wa kufulia wakachoka. Wakaenda mahakamani kuomba waajiriwe na serikali yenyewe, kazi ya kudumu. Wakala akajibu kwamba hana mfanyakazi hata mmoja aliyewahi kuzidisha miezi mitatu. Ile siku moja ya katikati inakata kila kitu, alisema, na anayerudi ni mtu mpya. Hukumu ilipangwa kusomwa leo. Nadhani ndiyo maana shuka lilinijia jana.

Basi nikavaa kitenge, tukashuka.

Njiani shuka lilikuwa na maringo. Lilinionyesha pembe yake yenye muhuri wa zambarau, Mali ya Serikali. Likasema lenyewe limeshathibitishwa kazini, na hata likitoboka hakuna wa kulifukuza mpaka kamati ikae.

"Na Nakiete?" nikaliuliza.

"Nakiete ndiye anayenifua tangu siku nilipogongwa muhuri. Yeye hana. Nimemtazama pembe zote."

Tulipopinda kona ya migombani kwa jirani yangu, hapakuwa tena na migomba. Niko ndani ya chumba cha kufulia. Mvuke umejaa. Mashuka yamekaa kwenye mabenchi, yamenyamaza. Mbele kabisa amekaa Mheshimiwa Jaji, naye ni pasi ya mkaa, mkubwa kama ng'ombe, moto unawaka ndani yake taratibu. Yule jogoo mdogo wa chuma anayefunga kifuniko cha pasi ndiye karani.

Upande wa wakala kimesimama kibanio cha nguo, cha mbao, kimevaa tai. Upande wa serikali kuna kiti, na kwenye kiti limetundikwa koti.

Nikaliuliza koti mwenyewe yuko wapi.

"Katoka kidogo," likasema.

"Tangu lini?"

"Ni kidogo tu."

Upande wa walalamikaji wamesimama wenzake Nakiete, wameshikana mikono. Mahali pake yeye pamesimama mabuti mawili ya mpira, hayana mtu.

Karani akaeleza kwamba shahidi alikuwa ameitwa, akasimama, akasema, "Mheshimiwa, mimi," na hapo hapo miezi mitatu ikaisha. Kibanio kikasema hilo ni jambo la kawaida. Leo ni siku yake ya katikati, kwa hiyo hayupo, na kesho ataletwa mwingine anayefanana naye.

Mheshimiwa Pasi akakiuliza kibanio kama kamba ni yake. Kikasema hapana. Akakiuliza kama nguo ni zake. Hapana. Na jua je? Hapana.

"Sasa kazi yako wewe ni nini?"

"Kushika, Mheshimiwa."

Pasi akatoa cheche mbili. Akasema mahakama haiwezi kumsikiliza mtu asiyekuwepo, lakini pia haiamini kwamba mtu mzima anaweza kuzimika kama taa na kuwaka tena. Akauliza kama kuna anayejua anakokuwa katika siku hizo.

Nikanyoosha mkono. "Huwa kwangu."

Kibanio kikasema hakuna aliyemwona.

"Nimemwona mimi," nikasema. "Ananigombeza."

"Anakugombeza kuhusu nini?" akauliza Pasi.

"Chumvi."

Karani akaandika chumvi. Nikaeleza kwamba anapanda na gari la asubuhi, anafika kabla sijafungua kuku, anaonja makande yangu na kuniuliza kama nimesahau alichosema daktari kuhusu presha. Anateka maji, anasugua masufuria yaliyokwisha kusuguliwa, anakaa. Nikamwambia Mheshimiwa kwamba hizo siku ambazo kwao hayupo, ndizo siku pekee ambazo mimi ninaye.

Pasi akasema, "Zilete."

Nafungua mlango wa mahakama, na niko jikoni kwangu. Nakiete amekaa kwenye kigoda, anachambua maharage. Hakushangaa kuniona.

"Bibi, umetoka bila sweta."

"Nimetumwa siku zako za katikati."

"Ziko darini. Nilizipandisha zisiliwe na panya." Akaendelea kuchambua. "Wamekwambia watazifanya nini?"

Nikasema sijaambiwa. Basi akaniambia yeye. Mikataba yake yote ni vipande, na muhuri haugongwi kwenye vipande. Lazima vishonwe viwe kitu kimoja, na cha kushonea katikati ni hizo siku. Ila siku ikishashonwa inakuwa ya kazi. Itakuwa siku hiyo alikuwa kazini, anafua. Hakupanda mlima. Hakuja.

"Hata mara moja?"

"Zote, Bibi."

Nikakaa chini. Nikamuuliza yeye mwenyewe anataka nini. Alijibu bila kuinua macho, akitupa vijiwe mlangoni kimoja kimoja.

"Nataka siku nikiugua niugue, nipone, nikute ndoo yangu ipo. Nataka nizeekee ndani ya lile geti, siyo nje yake."

Halafu akaniambia nisimame juu ya kinu, ngazi ile siyo nzima.

Nikapanda. Siku zilikuwa zimetundikwa darini juu ya moto, kila moja kitambaa kidogo, laini, zimeshika rangi ya moshi. Moja inanuka makande. Moja imelowa, maana mvua ilinyesha tangu asubuhi tukashindwa hata kwenda kuchuma mboga. Moja haikunjiki, kila ukiikunja inacheka. Nikazitia zote kwenye kapu. Moja nikaichomeka kifuani.

Ilikuwa ile siku aliyonikata kucha za miguu. Mimi siku hizi siwezi kuinama. Aliweka mguu wangu mapajani kwake, akanitania kwamba nina kucha za tai, halafu akavua kiatu akaweka mguu wake pembeni ya wangu. Kidole gumba ni kile kile, kimepinda upande ule ule. Tulivitazama kwa muda mrefu.

Nikamuaga. Alisema nisishuke mbio, mahakama itangoja. Nikavuka kizingiti, nikawa tena kwenye mvuke.

Mikataba imetandazwa sakafuni, vitambaa vyeupe vyenye wanga, vigumu kama mabati. Karani ananipa sindano. Ninapiga magoti, ninashona. Mkataba, siku, mkataba, siku. Kila ninapokaza uzi, ile rangi ya moshi inatoka na kitambaa kinakuwa cheupe. Harufu ya makande inaondoka. Ile inayocheka inanyamaza. Wenzake Nakiete wananishikia pindo, na mmoja wao ananifuta pua kwa aproni yake, maana mikono yangu ina kazi.

Mwisho kikawa kitu kirefu kimoja, kinatoka mlangoni na kuzunguka chumba. Koti likaambiwa lilete muhuri. Mkono wake mmoja ukainuka, mtupu, ukagonga.

Muhuri ukapita kwenye tundu, ukaanguka sakafuni.

"Pana siku moja haipo," akasema karani.

Watu wote wakatazama sakafu. Mimi pia nikatazama.

"Bibi ameichomeka kifuani," likasema shuka.

Nikaliambia, "Wewe si tumekuja pamoja?"

"Tumekuja pamoja, Bibi, lakini mimi ni mali ya serikali."

Kibanio kikataka kusema, Pasi akakizuia. Akanisogelea polepole hadi nikasikia joto lake usoni. Aliongea kwa sauti ya chini, kama watu wanavyoongea na mfiwa.

"Mama, hulazimishwi. Ukibaki nayo, mjukuu wako atakuwa na vipande viwili virefu. Vingi vimeshaungana. Lakini muhuri hautakaa."

Nikatazama yale mabuti. La kushoto limechakaa zaidi kisigino, maana anakanyagia upande huo tangu mdogo. Nikaingiza mkono kifuani, nikaitoa. Ilikuwa na joto langu. Nikaitazama mara moja, kidole chake na kidole changu, nikachoma sindano.

Uzi wa mwisho ulipokaza, mabuti yakajaa. Yakaota magoti, yakaota aproni, na Nakiete mzima akasimama pale na mapovu kwenye viwiko, akamalizia alipokuwa amekatishwa.

"Mheshimiwa, mimi ninaomba kuendelea kuwepo."

Koti likainua mkono tena. Muhuri ukagonga, ukakaa.

"Kumbe unaweza," nikaliambia koti.

"Nilikuwa nangoja kitu kizima," likasema, likajirekebisha kola.

Kibanio kikaomba ruhusa ya kukata rufaa. Pasi akasema kinaweza kukata, lakini kikate nje, humu ndani tumetoka kushona.

Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti. Nikasema nina swali moja, kama linaruhusiwa. Kwa kuwa sasa hana tena siku ya katikati, atakuja kwangu lini?

Pasi akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo kila mtu analijua. Akasema mtumishi wa kudumu ana likizo. Ni siku nyingi, zimefuatana, na anapokuwa kwako kazi yake inamngoja.

"Kwa hiyo akiwa jikoni kwangu bado ni mtumishi?"

"Ndiyo."

"Hata akichambua maharage?"

"Hata akikugombeza."

Nikamwomba arudie. Akarudia, na karani akaandika.

"Basi kesi imekwisha," akasema Mheshimiwa Pasi. "Lakini sipendi kuacha chumba na mikunjo."

Akafumba macho, akaanza kupita. Anapita juu ya mabenchi, juu ya mashuka, juu ya wale wanawake wa kufulia, na wao wanainamisha vichwa kama watoto wanaochanwa nywele. Anapita juu ya Nakiete. Anafika kwangu. Hachomi. Ni joto tu, zito, linaanzia miguuni na kupanda taratibu, mgongo wangu unanyooka pingili moja baada ya nyingine.

Nikaamka. Kumeshakucha, kuku wanagonga mlango wa banda.

Nilikaa kitandani nikatazama nilipolalia. Shuka langu ni la maua, nilinunua mnadani, na kila asubuhi huwa limejisokota kama kamba. Leo lilikuwa limenyooka kama karatasi, limebandikwa kitandani ukingo hadi ukingo, na lilikuwa na joto hata ule upande wa ukutani ambao silalii. Pasi sina. Niliyokuwa nayo nilimpa mama yake Nakiete alipoolewa.

Sikulitandika upya. Niliogopa kulikunja.

Mchana Nakiete akaja, amevaa nguo za kanisani. Alisimama mlangoni na mkoba begani akanieleza yote kabla ya kukaa. Jaji amesoma muda mrefu, amesema zile siku za katikati hazikukata kitu, kazi yao ni moja tangu siku ya kwanza, na waajiriwe na hospitali. Wakili amewaambia wasishangilie sana, upande wa pili unaweza kukata rufaa. Wenzake walilia. Yeye hakulia, alisikia tu miguu inamuuma kwa mara moja, kama ya mtu aliyesimama miaka.

Nikamuuliza mbona amekuja, kwani leo mkataba umeisha?

"Haujaisha. Nimeomba ruhusa, Bibi. Nimesema nakwenda kwa bibi yangu, msimamizi akasema haya nenda, urudi keshokutwa."

Akalisema kama jambo la kawaida, ila alilisema mara mbili.

Nikampa maji akanawa, nikamwambia ajinyooshe kitandani kwangu kidogo wakati chai inachemka. Akajilaza ubavu, halafu akapitisha kiganja juu ya shuka, kwenda na kurudi, kama anavyofanya kazini.

"Bibi, hili nani kakupigia pasi?"

"Mheshimiwa."

"Mheshimiwa gani?"

Nikavuta kigoda, nikaanza kumweleza tangu mwanzo, jinsi nilivyoitwa, na nilivyolikuta koti kitini na kuliuliza mwenyewe yuko wapi. Nilipofika pale, alikuwa ameshalala.