Meno ya Njumu

…na kisu kikiteleza kidogo, kikapita jino kikazama kwenye soli, nani atasema si bahati mbaya, fundi gani wa viatu hajawahi kuharibu kiatu cha mtu, kuteleza si kuanguka wanasema, lakini kisu kikiteleza kiatu kimekwenda, basi, ni kukaza uso tu na kusema, aa, mwanangu, mkono umenisaliti, na njumu ya kulia itakuwa imekufa, gari la timu litaondoka bila yeye, atalia, ndiyo, na alie, machozi yana mwisho, goti likikatika mara ya pili halina… "Baba, mbona umeganda?" "Sijaganda, natafuta pa kuanzia," akasema fundi, na kweli njumu ilikuwa imelala kifudifudi juu ya chuma, soli juu, meno yake marefu yanamkodolea, na kisu kimekaa kwenye jino la kwanza, lile la chini ya kidole gumba, hakijakata kitu, na binti yake yuko kwenye benchi la wateja, ndala miguuni, simu mkononi, mguu wa kulia ameunyoosha mpaka kwenye njia ya watu, lile goti nje nje na kovu lake linalong'aa, hata hajali kulifunika, wapita njia ndio wanaolikwepa, "samahani dada," "pita tu kaka," na kila mtu akipita fundi anainua macho, asije mtu akalikwaa, asije mtoto na tairi lake akaligonga, kumbe mwenyewe saa chache zijazo atalipeleka kwa mabeki waligonge kwa raha zao… na njumu zenyewe ni nzuri, hilo hawezi kulikataa, zimetengenezwa kwa nyasi za kweli, nyasi za udongo, jino refu linazama, linashika, mchezaji akigeuka kwa nguvu udongo unaachia, unang'oka na bonge lake la nyasi, na mguu unakwenda zake salama, lakini mechi ya leo iko kule kwenye uwanja mpya, kwenye lile zulia la kijani, na zulia haling'oki, zulia likishika limeshika, ndiyo maana kaja na jozi yake hiyo hiyo moja, "yafupishe baba, yawe ya nyasi bandia, kocha kasema wewe ukishindwa hakuna wa kuweza," kocha naye anajua kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa… mechi ya kwanza tangu alipopasuliwa goti, na pa kuichezea pasipatikane pengine ila pale pale.

"Ile ndiyo maendeleo bwana," fundi simu wa kibanda cha pili alikuwa anamwambia mteja wake, kichwa kimezama kwenye simu iliyofunguliwa matumbo, "mvua inyeshe, jua liwake, mpira unapigwa, hakuna tope, hakuna shimo, hata mbuzi hali zile nyasi," na fundi viatu akataka kumjibu kwamba mbuzi ana akili zake, kitu mbuzi akikinusa akakiacha ujue kina jambo, lakini akaumeza utani wake, maana akifungua mdomo leo hatajua kuufunga, na yule hajui, atajulia wapi, hakuwepo siku ile… hakuna aliyemgusa, hilo ndilo linalomla fundi mpaka leo, angepigwa buti na beki angekuwa na mtu wa kumchukia, angelijua jina lake, angemlaani na mama yake, lakini hakuguswa na mtu, jua lilikuwa kali, joto linapanda kutoka kwenye zulia mpaka jukwaani, na Kiberenge, ndivyo washabiki wanavyomwita binti yake kwa mbio zake, akapokea pasi amelipa goli mgongo, akageuka, mwili ukageuka, mguu haukugeuka, mguu ulibaki pale pale umeshikwa na zulia, na yeye baba mtu akausikia mlio, watu wanamwambia haiwezekani kusikia kutoka jukwaani, mke wake anamwambia baba wewe uliota, lakini aliusikia, mlio mkavu, kama uzi wa kushonea soli unapouvuta kupita kiasi ukakatika, na huo mlio anaujua, ameusikia maisha yake yote mikononi mwake mwenyewe, akajua kabla refa hajapuliza, akajua kabla mwenyewe hajalia… "ukano umekatika mzee, tutafungua, tutaweka mwingine," alisema daktari, utadhani anazungumzia kamba ya kiatu, na baada ya hapo nyumba nzima ikawa inaishi kwa goti lile, kulilaza, kulikunja, kuliweka barafu, baba kumpeleka msalani binti aliyekwisha kuwa mtu mzima, amemshika kwapani, binti kageuza uso huku kwa aibu, baba kageuza uso kule, wote wawili wanatazama kuta kama wageni, na mama yake akifagia anazikuta bado zile chembe nyeusi za mpira, zile wanazozimwaga kwenye nyasi bandia, zilikuwa zinajaa kwenye soksi zake kila akirudi mazoezini, chini ya kitanda zimo, kwenye shuka zimo, zamani mama mtu alikuwa anacheka, "huyu mtoto anacheza mpira au anachoma mkaa," baada ya siku ile akawa anazifagia kimya, anazitoa nje.

Wakati yeye ujana wake wote aliumaliza kwenye nyasi, winga wa kushoto, unaanguka unainuka, kijani kwenye bukta, harufu ya nyasi inakufuata mpaka kitandani, na mama yake binti, enzi hizo mchumba, analalamika doa halitoki, hakuna goti lililokatika, hakuna hata moja, nyasi ni mama, nyasi zinakudaka… hakuna hata moja… na golikipa wao je, yule Kengele, aliyekanyaga shimo lililofunikwa na nyasi ndefu akavunjika kifundo, leo mzee mzima anachechemea sokoni, na masika uwanja ulikuwa uji mtupu, kiangazi unakuwa saruji, wakianguka wanabaki na vidonda vya mwezi… huyo ni mmoja, mmoja tu, tena shimo ni shimo, si kosa la nyasi… na daktari siku ile hakuishia kwenye ukano, aliendelea, kuna kitu alisema, na yeye akawa anatazama feni inavyozunguka asikisikie, na alikisikia, "hata kwenye nyasi hukatika mzee, hawa nimewafungua wengi, wa nyasi na wa bandia," na maneno hayo hajawahi kumrudia mtu, hata mkewe, kwa sababu akiyarudia zulia halitakuwa na hatia peke yake, na kama zulia halina hatia peke yake, hii hasira yote ataipeleka wapi, atamkabidhi nani. "Wewe Kiberenge," fundi simu akapaza sauti, "hebu mwambie huyu mbishi, wewe unayecheza, ipi bora, nyasi au bandia?" na binti bila kuinua macho kwenye simu yake akasema, "Nyasi ni nzuri kuliko zote. Ila zilikuwa hazinitaki," na mteja akacheka, "nyasi zitamkataaje mtu?" na binti akacheka naye, akaachia hapo, lakini fundi hakucheka, kwa sababu yeye alikuwepo, yeye ndiye aliyemshika mkono akiwa mdogo wa kufika kiunoni, mpira kwapani, wenzake nyuma, wanafika getini na yule mtunza uwanja anasimama na reki yake, "leo haiwezekani, nyasi zinapumzika," kesho wanarudi, nyasi zinapumzika, keshokutwa timu ya wanaume iko ndani inafanya mazoezi, inachimbua kona nzima, na nyasi hazijalalamika, wasichana wakifika tu zimechoka, ajabu ya nyasi zile, na yeye winga mstaafu, mpenzi wa nyasi, akaona mtunza uwanja ana haki, uwanja mmoja huwezi kuukanyaga kila siku, nyasi ni kiumbe, zinataka kulala, zinataka maji, akamrudisha mtoto nyumbani akapigie mpira ukutani kwa jirani, na jirani akaja na vioo vyake mkononi kudai, na kesi ikaamuliwa na mama mtu kwa mwiko… mpaka zulia lilipowekwa. Zulia halichoki. Zulia halilali, halihitaji mvua wala reki, limetandikwa pale asubuhi mpaka taa zinazimwa, na mtu hana tena neno la kumwambia msichana getini, wakapewa saa yao, baadaye wakapewa kocha, wakapewa na jezi zenye namba, na siku ya kwanza kabisa alirudi nyayo zimeungua, viwiko vimechubuka ngozi nje, soksi zimejaa weusi, kasimama mlangoni anacheka peke yake, anacheka mpaka anashika tumbo, mama yake anauliza kulikoni, na mtoto anasema tu, "hawakutufukuza"… fundi hapendi kukumbuka kicheko kile, hakimsaidii, kinamvurugia hesabu, anataka alichukie zulia moja kwa moja, na zulia lililomvunja mwanawe ndilo lililomfungulia mlango, haya, mtu atalichukiaje nusu.

"Baba, gari limeshapita kwa kocha. Wananiambia nijiandae." "Nakusikia." Na kisu kiko pale pale, na kile kipande cha soli kuukuu alichokitoboa matundu bado kiko mapajani mwake, hajakivika, na hapo ndipo penye siri, maana kazi hii ikifanywa inavyotakiwa kipande kile kinavikwa juu ya soli, kila jino linachungulia kwenye tundu lake, na kilichochungulia ndicho kinachokatwa, kisu hakiwezi kwenda chini zaidi, meno yote yanatoka sawa, jino moja likizidi mguu unakaa upande na goti linalipa, lakini bila kipande kisu kina uhuru wake, na yeye amekaa hapa muda wote huu na kisu chenye uhuru, anajidanganya anatafuta pa kuanzia… akate azamishe, amalize, ndiyo, halafu nini, anamjua mwanawe, hatakaa, ataazima njumu za mchezaji wa akiba, za kubana vidole, zenye meno ya namna yoyote, marefu, yaliyolika upande, ataingia nazo kwenye zulia lile lile, na hayo meno hakuna fundi atakayeyapima… au hataazima, hilo ni baya zaidi, atabaki hapa, ataiangalia njumu iliyochanika, atauangalia uso wa baba yake, na atamwamini. Mteja yeyote akikaa kwenye benchi lile anaifuata mikono ya fundi kwa macho, fundi angalia usiniharibie, fundi hapo umekaza sana, na huyu tangu aje, hata aliposikia kisu hakikati akauliza, hajaitazama mikono hii hata mara moja, anachezea simu yake, amekabidhi mguu wake akageukia mambo mengine, atamwamini, atainuka na lile goti lake, atakuja kumshika bega na kumwambia, pole baba, usijali, mechi zipo nyingi, atampa pole yeye, yeye mwenye kisu… na pole hiyo ataibeba vipi, ataiweka wapi nyumbani, kila akinawa mikono ataiona.

"Mama," akasema fundi, ndivyo anavyomwita binti yake siku anayojisikia mnyonge. "Abee, baba." "Naogopa." Binti akaishusha simu. Kule kwa jirani ubishi ulikuwa unaendelea, mteja anasema nyasi, fundi simu anasema bandia, na hapa binti akaukunja mguu wake polepole, akaliingiza goti ndani ya mikono yake akalikumbatia, na fundi akamwona, kwa mara ya kwanza leo, jinsi anavyolishika, anavyolishika mtu kitu alichowahi kupoteza. "Hata mimi naogopa, baba," akasema. "Juzi nimeliota limekatika tena. Nimeamka nikaliwashia tochi." "Na mbona hukusema?" "Ningesema ungenikataza." Na ni kweli, angemkataza, angemkataza kwa mapenzi na kwa sauti kubwa na mama yake angeitikia, na mtoto angebaki na woga wake na bila mpira, kama alivyobaki na woga wake peke yake kitandani na tochi, wakati yeye chumba cha pili anahangaika na woga wake, watu wawili nyumba moja, kila mmoja anaficha kitu kile kile. Akakichukua kipande cha soli mapajani, akakivika kwenye meno, kikakaa, na kisu akakirudisha kwenye jino lile lile la kwanza, ambalo bado lilikuwa zima. "Njoo," akamwambia, "njoo ukibane hiki kisinyanyuke," na binti akaja, akapiga goti lile la kushoto, la kulia akaliweka pembeni kwa uangalifu, akakibana kipande kwa vidole vyake vyote, vidole vikakaa huku na huku, karibu kabisa na makali. "Hapo hapo," akasema fundi. "Usitoe mkono."